Msumari wa Kiti cha Nyuma

Ndani ya gari walikuwa watatu, na nyuma alikaa dada peke yake, lakini kiti kile kililia kama kimekaliwa na wawili.

Dada alikuwa fundi wa viti. Springi zile alizifunga mwenyewe, moja baada ya nyingine, akaziwamba ngozi, na sauti zao alizijua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Upande wake zilikuwa kimya. Upande wa pili, ambako hapakuwa na mtu wala mzigo, ngozi ilibonyea polepole, ikatulia hivyohivyo.

Mbele, mdogo wake alishika usukani huku akipiga mluzi. Walimwita Kale, kwa jinsi alivyopenda vikuukuu. Pembeni yake alikaa rafiki yao Spana, fundi wa injini, mtu ambaye mdomo wake haukujua likizo. Walikuwa safarini kwenda kwenye mkutano wa chama cha wenye magari ya zamani, na Kale alikuwa amekwisha kuliona kombe mikononi mwake. Sharti la chama lilikuwa gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Ndiyo maana wakati wa matengenezo, dada alipokuta msumari wa shaba kwenye mbao ya kiti cha nyuma, umezungushiwa uzi mweusi, Kale hakutaka hata kujua ulifuata nini pale.

"Huo si wa kiwandani. Ng'oa, dada."

Akaung'oa, tundu akaliziba kwa nta. Msumari akautia kwenye kopo la misumari, maana alikuwa bahili wa vifaa. Kisha Kale akakijaribu kiti. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa mbovu tangu utotoni, akichechemea kila aendako, kwa hiyo alijibwaga upande wa kushoto kwanza, halafu wa kulia. Springi zikalia mara mbili.

"Hata nikifumba macho nitajua ni wewe," dada alimwambia, wakacheka.

Sasa, njiani, hakuwa na cha kumchekesha. Harufu ya udi ilikuwa imeanza kupanda, nzito, yenye uvundo wa nguo zilizofungiwa sandukuni.

"Nani kajipulizia manukato?" Spana akauliza.

"Kale," dada akasema kwa sauti ya chini, "huku nyuma kuna mtu."

"Dada, usianze."

"Nakwambia kiti kimebonyea."

Papo hapo injini ilianza kuchemka na moshi ukafunika kioo. Wakasimama kando ya barabara, jua likiwaka, hakuna nyumba karibu. Spana akachukua dumu akarudi nyuma kutafuta maji kwenye mtaro waliokuwa wameupita. Dada akakumbuka ule msumari, kwamba huenda ulikuwa umefunga kitu ndani ya kiti; akashuka haraka, akakimbilia buti la gari, akamwaga kopo lote la misumari chini na kuanza kuusaka ule wa shaba, na wakati akipekua akasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, akamsikia Kale akiguna kwamba anapumzisha nyonga kidogo, akapiga kelele "Usikae hapo!" lakini springi zilikuwa zimekwisha kulia, kushoto kisha kulia, na baada yake udi ukahanikiza mpaka nje.

Alipofika mlangoni na msumari na nyundo, Kale alikuwa ameshashuka, amesimama anajifuta jasho.

"Pigilia, dada," alisema kwa upole. "Zamisha kabisa."

Dada akainama, akakunja pindo la ngozi, akalipata lile tundu. Alipiga kwa ufundi wake wote, mpaka kichwa cha msumari kikapotelea ndani ya mbao. Harufu ikakatika. Akaegemea kiti, machozi ya shukrani yakimtoka.

Chini ya kiganja chake springi zikalia. Kushoto, kisha kulia.

Ndipo alipokumbuka kwamba mdogo wake asingekubali kamwe msumari usio wa kiwandani. Akageuka. Yule mwenye sura ya Kale alikuwa anakwenda kumpokea Spana dumu la maji, anatembea wima, miguu yote miwili sawasawa.

"Nyonga imepona nini?" Spana akamtania.

"Imepona," alijibu. Kisha akazikusanya koleo na bisibisi zote za dada, akazitupa porini.

Walifika mkutanoni. Magari yalipangwa uwanjani yaking'aa, na mkaguzi wa chama akaanza kulizunguka lao, akiusifu ushonaji wa viti. Dada hakusubiri amalize. Alichomoa mkasi kwenye mkoba, akajitupa kwenye kiti cha nyuma na kuichana ngozi aliyoishona mwenyewe, akaing'ang'ania mbao kwa kucha, akiita, "Nakuja, mdogo wangu, nakuja." Watu walimshika, Spana akiwa wa kwanza, wakamtoa akiwa anavuja damu vidoleni.

"Mwacheni apumzike, ni dada yangu," alisema yule aliyetembea wima, huku akifunga mlango taratibu. "Safari imemchosha."

Mkaguzi akainamia dirisha, akakunja uso.

"Hizi springi," akauliza, "mbona zinalia na hakuna aliyekaa?"