Ndiyo ya Kasuku

Ukumbi wa mnada ulikuwa umefurika watu, na mshonaji wa mapazia alikuwa amekuja kutafuta meza ya kukatia vitambaa tu. Alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, pini zikimetameta kwenye ukosi kwa mazoea ya kazi. Nzi akatua puani mwake. Akainua mkono kumfukuza.

"Limeuzwa! Kabati limekwenda kwa dada wa gauni la kijani!" akapaza sauti mnadi.

"Kabati gani? Mimi nafukuza nzi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mnadi akashuka jukwaani, kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, mdomo haupumziki. Watu walimwita Kasuku.

"Basi dada, kabati nalirudisha. Lakini huyo nzi kanifanyia hisani. Nipe namba yako, nimshukuru kupitia kwako."

"Hivi huchoki kusema?"

"Nikichoka nitakupigia simu nikueleze nilivyochoka."

Akampa. Tangu hapo simu haikupoa.

"Malkia wa pini, umekula?"

"Nimekula. Wewe umeuza?"

"Nimeuza kila kitu isipokuwa moyo. Huo umeshauchukua bure."

"Nenda zako huko!" alijibu, akicheka mpaka mshono ukaenda upande.

Dada mkubwa wa Kasuku, ndiye aliyemlea, alianza kumwita mshonaji "wifi" hata posa haijapelekwa. Kisha siku moja mnadani, Kasuku akiwa katikati ya kutaja bei, maneno yakamgeukia kinywani. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, akaanguka. Kiharusi.

Hospitalini mguu ulianza kurudi taratibu. Maneno hayakurudi. Alielewa mengi aliyoambiwa, lakini yaliyomtoka yalikuwa machache: "maji", "basi", na "ndiyo". Hiyo "ndiyo" iliwafurahisha wote. Waliona angalau hapo wanaelewana.

Mshonaji alikwenda kila alipofunga duka. Alimnyoa ndevu, akamlisha uji, akamsimulia vituko vya wateja. Jioni moja alimkuta amegeukia ukutani, machozi yanamtoka, hataki chakula.

"Mpenzi, nakuchosha?"

"Ndiyo."

Akarudisha kijiko kwenye bakuli. "Unataka nisije tena?"

"Ndiyo!" Kasuku alipiga kitanda kwa mkono wake mzima. "Ndiyo! Ndiyo!"

Aliweka bakuli mezani, akatoka bila kugeuka. Ile "ndiyo" ilimfuata mpaka kwenye ngazi.

Wiki zikapita. Alishona akilia, akafumua, akashona tena. Ndipo dada mtu akapiga simu, sauti imemkauka kwa hasira.

"Wifi, kama umemkimbia ndugu yangu kwa sababu ya maradhi, sema tujue moja."

"Kanifukuza mwenyewe, wifi! Nimemuuliza kwa kinywa changu kama nisije tena. Akasema ndiyo."

Kisha dada mtu akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio. "Jana daktari kamuuliza kama ana mimba. Kasema ndiyo. Neno linamtoka lenyewe, wifi. Hata akitaka kukataa, linatoka hilohilo."

Mshonaji hakubadili hata viatu. Alifika hospitalini na malapa, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

Kasuku alikuwa ameingizwa kwenye utafiti wa kuwarudishia usemi wagonjwa wa kiharusi. Mtaalamu alimchoma sindano za tiba ya Kichina, nyembamba kama unywele, kichwani na mkononi, kisha mwalimu akamfundisha matamshi. Wagonjwa wengine walipata mafunzo bila sindano. Wote walipigwa picha za ubongo ili walinganishwe.

"Dada, simama hapo hapo!" fundi wa mashine ya picha alimzuia mlangoni. "Humu ndani mna sumaku kubwa, na wewe umejaa pini!"

Akabaki nje ya kioo. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani, alimwonyesha picha mbili kwenye kompyuta.

"Hii ni ya mwanzo. Upande huu wa kushoto, penye kazi ya kusema, palikuwa kimya. Hii ni ya leo. Akijaribu kutaja jina la kitu, panachangamka."

"Ni zile sindano?"

"Natamani ningeweza kukuambia hivyo. Huenda ni sindano, huenda ni mazoezi, huenda ubongo unajiponya wenyewe. Picha za mtu mmoja hazitoshi."

"Na zinaonyesha kama bado ananipenda?"

Daktari akatabasamu. "Hilo itabidi umuulize mwenyewe, mwanangu."

"Nilimuuliza. Ndiyo haya yakatokea."

Mlango ukafunguliwa. Kasuku alitoka akiegemea fimbo, amekonda, koti la hospitali linampwaya. Alipomwona alisimama ghafla. Midomo ikahangaika. Mshonaji alitaka kumsaidia, akajizuia.

"Ba..." Jasho lilimtoka. "Ba... baki."

"Nabaki." Alimkumbatia, fimbo ikaanguka. "Nabaki, mpenzi. Nisamehe. Mimi ndiye niliyekuwa sisikii."

Akajifuta machozi kwa ncha ya tepu. "Sasa sikiliza. Nikikuuliza kama utanioa utasema ndiyo, na ndiyo yako siiamini tena. Kwa hiyo niambie, tunaoana lini?"

Kasuku alifumba macho, akatafuta, akatafuta. Hata fundi aliyekuwa mlangoni alisahau kazi yake.

"Kesho."

"Kesho? Na gauni sijashona!"

"Kesho!" alirudia, kwa ukali wa mtu aliyepata chake.

Haikuwa kesho. Walioana alipoweza kuingia ukumbini bila fimbo. Kazi ya mnada aliiacha. Sasa anapima madirisha ya wateja wa mkewe, na vipimo havikosei. Akikwama neno, mke humsubiri bila kummalizia, hata kama chai itapoa. Majina bado yanamchenga. Asubuhi akitaka kumwita, hutoka lolote lililo karibu: juzi alimwita sufuria, jana akamwita dirisha, naye huitika.