Wingu la Tarehe Tisa

Walikutana kwenye foleni ya posta Nyeri, Jumatatu tarehe tisa Februari 1987. Watiri, aliyevaa sweta ya manjano na sketi ya marinda, alikanyagwa na kijana aliyekuwa akitazama nje.

"Kwani unaangalia nini huko juu, na miguu ya watu iko chini?"

"Pole, dada. Ni mlima. Hakuna wingu hata moja! Leo setilaiti inatupiga picha."

"Ati picha? Na sijachana nywele!"

Kijana huyo, Ngatia, alicheka mpaka karani akamwita mara mbili. Serikali ilikuwa imemwajiri kusoma picha hizo, atafute mashamba ya mifugo yanayochafua mito. Watiri alikuwa mpiga chapa mjini, na kuanzia siku hiyo Ngatia alimletea ripoti zake zote, hata za mistari mitatu. Mapenzi hayana haya.

Mwezi wa Juni Ngatia alikwenda Tetu kujitambulisha kwa Mzee Moffat, baba yake Watiri, mwenye ng'ombe mia mbili. Kesho yake akampigia Watiri simu kazini.

"Babangu amekataa?"

"Amekubali, sweetheart. Chagua tarehe."

Watiri alipiga kelele za furaha, wateja wakageuka.

Wiki iliyofuata alikuwa akichapa ripoti nyingine alipofika mstari huu: *Shamba la Moffat, Tetu. Picha ya tarehe 9 Februari. Halikuonekana, wingu.*

Vidole vilisimama. Nyuma ya zizi la babake kulikuwa na bwawa la mavi ya ng'ombe, na mfereji wake uliingia mtoni. Watoto wa shangazi yake Ngendo walichota maji hapo chini, na tangu Pasaka walikuwa wakiharisha.

Akashika simu.

"Ngatia, hiyo siku kulikuwa na wingu?"

Ngatia akashusha sauti.

"Babako alisema nikiacha hilo bwawa nje ya ripoti, atanipa wewe. Nilifanya hivyo juu yako, mpenzi."

"Juu yangu? Na watoto wa Ngendo je?"

"Sasa harusi..."

"Oaneni wewe na babangu!"

Alilia, tena sana, kwa sababu alimpenda. Kisha akachomoa karatasi, akaweka mpya, akachapa: *Anga safi. Bwawa lina mfereji hadi mtoni.*

Saa kumi Ngatia alifika amevaa suti aliyokwenda nayo Tetu. Akasoma amesimama.

"Nikitia sahihi, babako hatanipa wewe tena."

"Mimi si wa kupewa. Tia."

Ngatia akatia. Akamngoja Watiri amtazame, walau mara moja.

"Anayefuata," Watiri akaita.