Moyo Kwenye Kioo

Haya yalimpata rafiki yangu Watiri wa kule Tetu, na yeye si mtu wa kutunga maneno. Kwa sababu ya presha yake, mumewe Gathogo alimnunulia mashine ya mazoezi ya mtumba, ile ya kukanyaga pedali huku ukisukuma mikono. Akaikaza nati zote pale sebuleni.

"Haitumii stima," alimwambia kabla ya kupeleka maziwa. "Ukikanyaga, hiyo kioo inawaka, ukiacha, inazima. Ukishika hapa kwa hii mikono yake, itakuonyesha vile moyo yako inapiga."

Jioni stima ikapotea na ukungu ukaziba madirisha. Watiri akakanyaga gizani, kwiki, kwiki, mpaka moyo ukamdunda masikioni. Lakini kile kimoyo chekundu kwenye kioo kilipiga polepole, kama cha mtu aliyelala.

"Ati imeharibika tayari?" akanong'ona, akaachilia mikono, akashuka.

Pedali zikatulia. Kioo hakikuzima. Akarudi nyuma hatua moja. Kimoyo kikaongeza mwendo. Akarudi nyingine, kikazidi. Alipogusa komeo la mlango kilikuwa kinakimbia kuliko wake, na kwa mwanga wake mwekundu akaiona raba ya ile mikono ya mashine ikibonyea, kama iliyoshikwa kwa nguvu.