Kiungio cha Saba

Kila siku kengele ya mwisho ilipogongwa, Naima alivuka uwanja wa shule, akapita nyuma ya maduka ya mtaa wa Majengo na kuingia katika gereji ya baba yake. Huko alivua sare na kuvaa ovaroli ya bluu ambayo mama yake alikuwa ameipunguza miguu na mikono ili imtoshe. Kwanza alifagia vipande vya chuma. Kisha alipanga spana ukutani kwa namba, kuanzia ndogo hadi kubwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, na alipenda sana kuona vyuma vilivyolazwa chini vikigeuka kuwa kitu chenye umbo na kazi.

Mwezi huo wa saba upepo wa Sumbawanga ulikuwa mkali, na mafundi walivaa masweta ndani ya ovaroli zao. Gereji nzima ilikuwa ikishughulikia gari moja tu: pikapu ya kijani ya Nesi Otilia wa Laela.

Nesi Otilia alikuwa mkunga. Alikuwa amestaafu, lakini watu wa vijiji vya jirani hawakukubali kwamba amestaafu. Mama mjamzito akizidiwa, walimgongea mlango, naye aliwasha pikapu yake. Gari hilo lilikuwa na umri mkubwa kuliko baba yake Naima. Mwishowe kutu ilikula chesisi, yaani zile nguzo ndefu za chuma zinazobeba gari zima, mpaka moja ikakatika. Tangi la mafuta nalo lilikuwa limetoboka. Vipuri vya gari la zamani kiasi hicho havikupatikana Sumbawanga wala Mbeya.

"Tutaitengeneza wenyewe," baba yake Naima, Fundi Sadick, alisema. "Chesisi mpya na tangi jipya, kwa vipimo vya gari hili hili."

Kwa wiki tano Fundi Sadick na mwenzake, Fundi Isdori, walikata, walichomelea na kusugua. Naima alishika ncha moja ya futi ya kupimia na kuandika vipimo kwenye daftari. Baba yake alimfundisha kupima fremu kona kwa kona.

"Pima kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia," alimwambia. "Kisha pima zile kona nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, fremu imekaa sawa. Visipolingana, gari litakwenda upandeupande kama mbwa anayekimbia."

Siku walipopima, tofauti ilikuwa milimita tatu. Naima aliona ni kidogo mno, lakini baba yake aliwasha grenda na kukata alipochomelea.

"Baba, milimita tatu tu!"

"Hapa ni tatu, mwanangu. Kwa barabara za vijijini zitazaa."

Tangi jipya halikuwekwa chini ya kiti cha dereva kama lile la zamani. Fundi Sadick alilifunga nyuma, katikati ya nguzo mbili za chesisi, palipo salama zaidi. Kwa hiyo bomba la mafuta lilikuwa refu, nalo lilisafiri kutoka nyuma hadi kwenye injini likiwa na viungio tisa. Kila kiungio kilikuwa na kipande cha mpira kilichobanwa kwa kibano cha chuma. Fundi aliandika namba kwa chaki pembeni mwa kila kimoja.

Ijumaa alasiri alimwita Naima.

"Kesho Nesi Otilia anakuja kuchukua gari lake. Kazi iliyobaki ni ya kupima viungio, na mikono yako midogo inafika pasipofika yangu. Hakuna petroli ndani, ni upepo tu. Isdori atajaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Wewe paka povu la sabuni kwenye kila kiungio. Povu likitoa mapovu mapya, kinavuja. Lisipotoa, weka alama ya vema kwenye daftari."

Naima alifurahi kupewa kazi hiyo. Alipaka povu kwa brashi kwenye kiungio cha kwanza, akahesabu hadi sitini, akaweka vema. Alifanya hivyo hadi cha sita. Kiungio cha saba kilikuwa kimejificha juu ya chuma cha katikati, karibu na ekzosi, lile bomba la kutolea moshi. Ili kukifikia ilibidi alale chali kwenye sakafu ya saruji, ambayo kwa baridi ile ilikuwa kama jiwe la mtoni, kisha aingize mkono na kioo kidogo. Alijaribu mara moja. Kioo kikamponyoka.

Hapo rafiki yake Janeth akachungulia mlangoni, akihema.

"Naima! Timu ya Malangali imeshafika. Wanakusubiri wewe tu!"

Ilikuwa mechi ya netiboli iliyosubiriwa mwezi mzima, na Naima ndiye aliyekuwa mfungaji. Aliangalia huku na huku. Fundi Isdori alikuwa ameitwa kushika mlango wa gari usimwangukie baba. Hakuna aliyemwona. Alipima cha nane na cha tisa harakaharaka, kisha akaweka vema kwenye namba saba.

"Tisa vyote?" baba yake aliuliza kutoka upande wa pili wa gari.

"Vyote, baba."

"Ahsante sana, mwanangu. Leo umenipumzisha. Nenda kacheze."

Naima alifunga mabao kumi na moja siku hiyo, na Majengo ikashinda. Wenzake walimbeba juu juu. Yeye alicheka nao, lakini ile "ahsante" ya baba ilimrudia kila walipomshangilia.

Jioni, walipokuwa wakila ugali na dagaa wa Ziwa Tanganyika, mama yake, Kauthar, aliuliza kama kweli gari limekwisha.

"Limekwisha," Fundi Sadick alijibu. "Kesho linawashwa."

"Alhamdulillahi." Mama alinawa mikono, akamgeukia Naima. "Hujawahi kuniuliza kwa nini baba yako ameacha magari mengine yote kwa ajili ya hili. Ulipokaribia kuzaliwa tulikuwa tunaishi shambani, mbali na Laela. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua haikatiki na barabara ni matope matupu. Nilizidiwa kwa siku nzima. Aliyekuja kunichukua ni Nesi Otilia na pikapu yake. Ilikwama mara tatu, na mara zote tatu alishuka akachimba matope kwa jembe. Daktari alisema tungechelewa saa moja zaidi, tusingekuwepo, mimi wala wewe."

"Tangu siku hiyo nimetafuta namna ya kumshukuru," baba alisema. "Sasa nimeipata."

Naima alitaka kusema. Mdomo wake ulifunguka, lakini akaona uso wa baba yake ulivyojaa furaha, akaogopa kuiharibu. Alijiambia kwamba viungio vinane vilikuwa vizima, basi hata cha saba kitakuwa kizima. Akaenda kulala bila kumaliza ugali wake.

Jumamosi saa nne asubuhi Nesi Otilia aliteremka kwenye basi la kutoka Laela. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye koti la sufi na mwendo wa haraka. Aliongozana na wanawake wawili waliobeba watoto mgongoni na mfuko wa maharage mapya.

"Shikamoo, bibi," Naima alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hawa niliwapeleka hospitali kwa gari hili mwaka jana. Wamesema hawawezi kukaa nyumbani siku linapofufuka."

Nesi Otilia alilizunguka gari polepole. Aliinama akapapasa chesisi nyeusi iliyopakwa rangi, mistari ya kuchomelea iliyonyooka, na machela ya kukunja ambayo mafundi walikuwa wameiongeza nyuma bila yeye kuomba. Alitoa leso akafuta macho.

"Panda, Nesi," Fundi Sadick alisema. "Uliwashe mwenyewe."

Tayari petroli ilikuwa kwenye tangi. Nesi Otilia alipanda nyuma ya usukani. Wale wanawake wawili walisogea dirishani na watoto wao. Fundi Isdori alifungua boneti ili avute mafuta hadi kwenye injini kwa pampu ya mkono.

Naima aliwaangalia watoto wale. Mmoja alikuwa amelala, shavu lake limeegemea mgongo wa mama yake, kama futi mbili kutoka kwenye gari.

"Baba, subiri! Fundi Isdori, usivute mafuta!"

Watu wote waligeuka.

"Kuna nini?" baba yake aliuliza.

"Kiungio cha saba." Naima alinyoosha kidole chini ya gari. "Sikukipima. Niliweka vema, lakini sikukipima. Nilitaka kuwahi mpira. Nisamehe, baba."

Fundi Isdori aliondoa mkono kwenye pampu kama aliyeguswa na moto. Uso wa Fundi Sadick ulibadilika, lakini hakupaza sauti.

"Nesi, teremka tafadhali. Akina mama, sogeeni nje kabisa na watoto. Isdori, chomoa waya za betri. Tunaondoa petroli yote."

Walifanya hivyo bila maneno mengi. Petroli ilipokwisha kumiminwa kwenye dumu na dumu kutolewa nje, Isdori alijaza upepo tena. Fundi Sadick alimpa Naima brashi, kopo la povu na kile kioo kidogo.

"Malizia kazi yako," alisema.

Naima alilala chali kwenye saruji. Aliingiza mkono, akapaka povu, akaelekeza kioo. Hata kabla hajahesabu hadi tano, mapovu yalianza kutoka, moja baada ya jingine, yanavimba na kupasuka.

"Kinavuja, baba," alisema, na machozi yakamteremka kuelekea masikioni.

Baba yake alilala chini kando yake, akaangalia kwenye kioo kwa muda mrefu. Kibano kilikuwa kimekazwa upande mmoja tu, hakikushika mpira vizuri. Na chini yake, umbali wa kiganja kimoja, ndipo lilipopita bomba la ekzosi, ambalo injini ikiwaka huwa la moto wa kuunguza.

Aliposimama, aliwageukia watu wote.

"Kibano hiki nilikikaza mimi," alisema. "Si Isdori, si Naima. Kosa la kwanza ni langu. Tunapima kwa sababu hata fundi mzuri hukosea." Kisha akamtazama binti yake. "Kosa la pili ni lako, nalo ni kubwa, kwa sababu lilificha la kwanza. Unajua nini kingetokea?"

"Najua, baba."

"Lakini umesimama mbele ya watu ukasema ukweli, wakati ungeweza kunyamaza. Kwa hilo nakushukuru. Tusingeligundua kosa hili mpaka limeshaua mtu."

Hakumchapa wala hakumfukuza. Alibadilisha mpira na kibano, kisha akamwambia Naima arudie viungio vyote tisa tangu mwanzo, kila kimoja kwa hesabu ya sitini. Ilichukua karibu saa nzima. Hakuna aliyelalamika. Mama yake alileta chupa kubwa ya chai ya tangawizi, na wale wanawake wa Laela wakanywa juani huku wakinyonyesha watoto. Mmoja wao alichukua kipande cha boksi na kukitandika chini ya mgongo wa Naima ili asipigwe na baridi. Naima alisema ahsante, akalia tena kidogo.

Viungio vyote tisa vilikuwa vizima. Petroli ilirudishwa. Nesi Otilia alizungusha ufunguo; injini ikakohoa mara mbili, kisha ikanguruma. Wanawake walipiga vigelegele hadi wenye maduka wakatoka nje kuangalia.

Kabla ya kuondoka, Nesi Otilia alimwita Naima dirishani na kumshika mkono uliokuwa bado na povu.

"Nikwambie jambo, mjukuu wangu. Miaka thelathini na minne nimeandika vipimo vya joto na presha kwenye kadi za wagonjwa. Kuna siku nilichoka mpaka namba sizioni. Siku hizo niliacha nafasi wazi kwenye kadi, na nesi wa zamu iliyofuata aliniona mvivu. Aliona nafasi wazi, akapima yeye, mgonjwa akapona. Ningebuni namba, nani angejua? Kazi isiyofanyika, mtu mwingine anaweza kuifanya. Iliyoandikwa kuwa imefanyika, hakuna atakayeigusa tena. Ukishindwa, ukichoka, ukitaka kwenda kucheza, acha nafasi wazi na useme. Hakuna aibu hapo."

"Nitasema, bibi. Na ahsante kwa yale matope."

Nesi Otilia alimtazama kwa mshangao, kisha akamwangalia Kauthar aliyesimama mlangoni mwa gereji, naye akaelewa. Alicheka kwa sauti.

"Kumbe ni wewe! Ulikuwa unalia kuliko injini."

Akatia gia. Pikapu ya kijani ilitoka Majengo ikiwa imenyooka barabarani, akina mama wawili na watoto wao wakiwa wamekaa karibu na dereva, ikashika njia ya Laela.