Waya wa Rangi ya Chungwa

SAA 4:35 ASUBUHI

Orest Hnatiuk alichora ramani kwa kidole, juu ya vumbi la unga lililobaki mezani. Duka lile la mikate lilifungwa miaka mitatu iliyopita. Umeme ulikatwa, mwenyewe akahamia kwa mwanawe, na chumba cha nyuma kikabaki na meza, panya na dirisha moja linalotazama uchochoroni. Jiko la gesi walikuja nalo wenyewe.

"Hapa sisi," alisema Orest. "Hapa uchochoro. Hapa ghala la ngozi za manyoya, na hiki ndicho chumba baridi zinamotunzwa. Leona yumo ndani tayari. Saa tano na nusu Abe anafungua mlango kwa kompyuta. Leona anatoka na magunia sita. Delphine anawasha gari. Saa sita tuko barabara kuu. Nani ana neno?"

Hakuna aliyekuwa na neno. Ukiwa na neno mbele ya Orest, ulilimeza.

Mpango ulikuwa mzuri, tusimnyime mtu haki yake. Kila Januari ghala huwapa wafanyakazi ruhusa waende kwenye mashindano ya kusukuma mawe juu ya barafu. Saa nne na nusu hutoka wote, wanataniana, mafagio yao ya kufagilia barafu begani. Anabaki mlinzi mmoja tu mlango wa mbele, mzee Rodel Magsino, na bakuli lake la wali. Saa sita na nusu wanafika wanunuzi, na Rodel anawafungulia chumba baridi waone mali. Katikati ya hapo, saa mbili nzima, ghala halina mwenyewe.

Leona Friesen alikuwa mpanga madaraja wa ngozi pale. Badala ya kutoka na wenzake alijibanza nyuma ya rafu, mlango ukajifunga. Ndani kuna mkono wa dharura, ndiyo. Ukiuvuta, king'ora kinalia mpaka kituo cha polisi. Kwa hiyo njia zilikuwa mbili: ama kaka yake amfungulie, ama Rodel amkute.

Kaka yake ndiye Abe. Mitambo ya milango ile aliifunga yeye miaka tisa iliyopita, enzi za kazi halali. Programu ya kuifungua ilikuwa kwenye laptopu moja tu, kuukuu, nzito, na haikukubali kukaa kwenye nyingine. Na Leona aliingizwa na yeye. Dada yake, Leo kama anavyomwita, hajawahi kuiba hata kalamu. Abe alimbembeleza wiki tatu. "Saa moja tu, Leo. Halafu unakwenda kusukuma mawe na wenzako. Nakuapia."

"Washa," alisema Orest.

Abe alibonyeza kitufe. Taa ndogo ikawaka. Feni ikavuma. Kioo kikabaki cheusi.

SAA 4:41

Alibonyeza tena. Akakishikilia kitufe mpaka ikazima, akahesabu hadi thelathini, akawasha. Taa. Feni. Giza. Mara hata taa ikakata.

"Tatizo nini?"

"Imelala kwenye gari, Bosi. Nje ni thelathini na saba chini ya sifuri."

"Kwa hiyo?"

"Betri imekufa. Halafu ukiitoa kwenye baridi ukaileta penye joto, inatoka jasho kwa ndani. Ilitakiwa ikae saa nzima kabla hatujaigusa."

"Na jana ulikuwa bubu?"

Jana Orest ndiye aliyeagiza vifaa vyote vilale kwenye gari, asionekane mtu anapita mtaani na begi. Abe alijua ni upuuzi. Mji mzima wa Winnipeg unajua, mtoto wa chekechea anajua, huachi hata simu kwenye gari Januari. Alijua, na alikaa kimya kwa sababu Orest hapendi kubishiwa. Woga wa dakika moja tu, jamani, dakika moja.

Redio ya upepo ikakwaruza mezani. "Kaka?" Sauti ya Leona ilikuwa ya chini. "Wameondoka wote. Nafunga magunia."

"Vizuri, Leo. Endelea."

"Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Iko vipi? Niko sawa."

SAA 4:50

"Inataka umeme," alisema Abe. "Tena wa ukutani. Na ikishachomekwa isichomolewe mpaka tumalize."

Umeme ulikuwa pahala pamoja tu: nguzo ya soketi uchochoroni, ile ya kuchomekea magari. Kutoka pale ulitambaa waya mrefu wa rangi ya chungwa mpaka kwenye pua ya pikapu, ukiipa moto hita ya injini tangu jana jioni. Soketi moja. Waya mmoja.

"Hapana," alisema Delphine Courchene kabla hajaombwa. Delphine alikuwa dereva, mwanamke mfupi, kofia ya manyoya mpaka kwenye nyusi, mdomo hauna breki. "Dizeli ile. Ukiichomoa inaganda, halafu utaisukuma na dada yako."

"Basi iwashe iungurume."

"Iungurume saa nzima?" Orest alimkata. "Moshi wake unapanda juu ya paa. Rodel atakuja kuuliza nani anachoma nyumba. Haiwashwi."

"Dakika kumi, Delphine," alisema Abe. "Nakuomba. Yumo mle."

Delphine alimtazama usoni, akaondoa macho.

"Kumi. Ya kumi na moja nachomoa kwa mkono wangu."

Akatoka. Waya ukaingia kupitia dirishani, mgumu kwa baridi kama fimbo.

SAA 5:01

Iliwaka. Nembo ikatokea. Chini yake kiduara kikaanza kuzunguka. Abe akashusha pumzi.

Kioo kikazima. Nembo. Kiduara. Kioo kikazima. Nembo tena.

"Inafanya nini sasa?" aliuliza Orest.

"Inajiwasha na kujizima."

"Naona! Nauliza kwa nini."

"Sijui bado."

"Hujui." Orest alicheka bila kucheka. "Fundi wangu hajui."

Delphine alichungulia dirishani. "Kumi zimepita."

"Tano tena."

"Abe!"

"Tano, mama! Tano!"

Aliigeuza tumbo juu, akafungua skrubu kumi na moja. Maji. Matone madogo juu ya kila kitu, mithili ya kioo cha bafuni. Akavua shati la ndani, akapangusa. Akakichomoa kijiti cha memori, akakisugua meno kwa ufutio wa penseli, akakirudisha mpaka kikalia *ka*. Akaipepea mbele ya jiko la gesi, si karibu sana, si mbali sana. Alikuwa anaifanya kazi hii miaka ishirini, na leo vidole vilimgomea kama si vyake.

SAA 5:30

Kiduara hakikukata safari hii. Maandishi yakaja: *Kompyuta haikuzimwa ipasavyo. Inajirekebisha. Usiizime. Asilimia 4.*

Jana aliifunga tu kifuniko. Hakuizima. Lo!

"Kaka," redio ikasema. "Ni tano na nusu. Nimeusukuma mlango, haufunguki."

"Usiusukume, Leo. Kaa mbali nao. Nipe muda."

"Muda gani?"

Asilimia 6.

"Mfupi tu," alisema, akajichukia.

SAA 5:48

Asilimia 31.

Orest alivaa glavu. Alizivaa polepole, kidole kwa kidole.

"Tunakwenda," alisema. "Gari bado lina uhai kidogo. Tuondoke nalo sasa hivi."

"Na Leona?"

"Hana rekodi. Atalia mbele ya hakimu, watamhurumia."

"Bosi, yule ni dada yangu."

"Ni wako. Siyo wangu."

Abe alishika bisibisi. Haikuwa kitu, bisibisi ya skrubu za laptopu, hata mkate haichomi. Lakini aliisimamisha, na mkono ulitulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Jaribu kuuchomoa huo waya," alisema.

Mlango ulifunguka, Delphine akaingia na baridi yake. Aliwatazama wote wawili.

"Mnatongozana au?" Kisha akaiona bisibisi. "Ahaa. Anataka tumtose binti."

"Ni biashara," alisema Orest.

"Mimi simtosi mtu. Lakini Abe, sikiliza." Sauti ilishuka. "Injini naisikia kwa mkono, boneti limekuwa jiwe. Nirudishie waya. Robo saa tu, nipashe kidogo, kisha nakupa tena."

"Nikichomoa sasa, disiki inakufa. Inakufa kabisa, Delphine. Hakuna tena kufungua chochote."

"Na usipochomoa, gari linakufa."

Abe aliutazama waya. Ukimpa Delphine, Leona anabaki ndani. Ukimnyima, Leona anatoka, halafu? Alitafuta njia ya tatu, akaitafuta kwa nguvu zote, akili ikamrudishia waya uleule. Angeweza kulia pale pale mbele yao.

"Mlango kwanza," alisema.

Delphine akatema mate sakafuni, akarudi nje kwa gari lake.

SAA 6:02 MCHANA

Asilimia 87.

SAA 6:07

Asilimia 87.

"Kaka," alinong'ona Leona. "Wanunuzi wanakuja saa sita na nusu."

"Najua."

"Niambie ukweli. Kama haiwezekani niambie, nijipange cha kusema."

Abe alifumba macho. "Inawezekana."

"Koti langu liko mbele, kwa mzee Rodel. Nililiacha ili aone bado nipo kazini, asishangae nikichelewa kutoka. Nina hili joho la kazi tu."

"Nitakupa langu."

Asilimia 88. Asilimia 100. Kioo kikazima.

Kilibaki kimezimika muda ambao Abe hakuweza kuupima. Orest alisema kitu, hakukisikia. Halafu ule mlio mdogo wa furaha ukalia, *tin-tin*, na picha ya ziwa ikajaa kiooni. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Akaandika neno la siri, akakosea, akaandika tena. Programu ikafunguka. Ramani ya ghala, milango yote na namba zake, yote myekundu.

Mlango wa tatu, ule wa chumba baridi unaotokea uchochoroni. Akabonyeza. Ukageuka kijani.

SAA 6:16

Leona alitokea uchochoroni akiburuta magunia mawili, pua nyekundu, mvuke mdomoni. Akarudi. Mawili tena. Akarudi. Hakuna aliyemsaidia ila kaka yake. Magunia sita yalipokuwa kwenye pikapu, Abe alimkumbatia kwa nguvu mpaka akaguna.

"Ulinitisha, mjinga wewe," alisema Leona.

Abe akavua koti lake, akamvisha, akampandisha mbele ya gari.

"Washa!" Orest aliamuru.

Delphine alizungusha ufunguo. Stata ikaguna mara moja, kwa shida, kama mzee anayeinuka kwenye kiti. Mara ya pili ikaguna nusu. Mara ya tatu ikasema *tik*.

Akaweka paji la uso juu ya usukani.

"Saa moja na nusu bila waya," alisema. "Nilikwambia dakika kumi."

Orest hakupoteza muda kutukana. Alipanda nyuma, akapapasa magunia, akachagua nono kuliko yote, akalitupa begani.

"Bosi?"

"Kila mtu na lake," alisema Orest. Akaondoka kwa miguu, theluji ikilia chini ya buti zake, na kwenye kona hakugeuka.

"Twende na sisi," alisema Abe. "Tuache kila kitu."

"Twende wapi?" Delphine hakuinua kichwa. "Kituo cha basi ni nusu saa. Wewe huna koti, huyu ana viatu vya ndani. Tutafika na masikio mangapi?"

SAA 6:22

Gari dogo la bluu liliingia uchochoroni, likasimama pua kwa pua na pikapu. Aliyeshuka alikuwa mzee Rodel Magsino, skafu mpaka puani, nyaya za kubusti betri mkononi.

"Nimesikia stata inalia kule mpaka nikaacha chakula!" alisema. "Poleni, wanangu. Hii siku ya kufa magari. Fungua boneti."

Nani angekataa? Katika baridi ile humpiti mtu ambaye gari lake limegoma. Hata adui yako humpiti. Ukimkataa anayekuja na nyaya, ndipo atakapokutazama vizuri. Delphine akafungua boneti. Leona akavuta kofia ya koti mpaka kwenye macho, akainama.

Rodel aliunga nyaya. "Haya, jaribu!"

Stata ilizunguka, nzito, nzito, haikushika.

"Betri nzima," alisema mzee. "Oili ndiyo imekuwa gundi. Hamkuichomeka?"

Mzee akainama mbele ya gari.

"Plagi ya hita hii hapa, inaning'inia. Waya wenu uko wapi?"

Abe alitazama chini. Karibu na mguu wake kulikuwa na chuma cha kubadilishia tairi. Alikiona, akajua yuko karibu nacho kuliko mzee. Mzee aliyeacha wali wake ukapoa. Hakuinama.

Rodel aliangalia nguzo. Aliuona waya wa rangi ya chungwa. Akaufuata kwa macho, kisha kwa miguu, juu ya theluji, ukapanda ukutani, ukaingia dirishani. Akaweka kiganja usoni kuzuia mwanga, akachungulia. Alichungulia muda mrefu. Mle ndani kioo kilikuwa kinang'aa na ramani ya ghala lake, kila mlango mwekundu, wa tatu kijani.

Alirudi taratibu mpaka dirisha la pikapu.

"Leona," alisema.

Leona akainua kofia.

"Timu yako imepiga simu mara mbili. Nikawaambia koti lako bado lipo, labda unaumwa tumbo." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa na mtoto wake. "Nimekutafuta mpaka chooni."

"Mzee Rodel," Abe alisema, "mimi ndiye niliyemwingiza. Yeye hakutaka."

"Utawaambia wao."

Akaitazama mikono ya Leona. Vidole vilikuwa vyeupe. Akavua glavu zake nene za ngozi, akampa dirishani.

"Vaa kwanza," alisema. Kisha kwa vidole vitupu akabonyeza simu.

Orest polisi walimkuta baadaye kituo cha basi, gunia magotini. Saa ile Delphine alibaki nyuma ya usukani. Leona alikaa kando yake amevaa glavu za mlinzi, na Abe alisimama uchochoroni na shati lake, akitetemeka, akingoja ving'ora. Mle dukani laptopu iliendelea kuwaka, nzima kabisa, haina hitilafu hata moja.