Mwamshe Baba Malaika

Nyumbani kwa Wamaitha kulikuwa na amri moja kuu: "Shhh! Baba Malaika amelala."

Muriuki, mumewe na baba wa binti yao Malaika, aliendesha basi la usiku jijini Stockholm, Uswidi. Alirudi asubuhi, akanywa chai, akalala. Nyumba yao ndogo ya mbao ilikuwa mwisho wa barabara ya kokoto, nje kidogo ya kitongoji cha Tumba. Nyuma yake msitu wa misonobari ulianza. Kuta zilikuwa nyembamba. Kijiko kikianguka jikoni, chumbani kilisikika. Kwa hiyo mama na binti walinyata mchana kutwa kama wezi ndani ya nyumba yao wenyewe. Wamaitha hakulalamika. Alimpenda mumewe, na aliujua uchovu wake.

Jumamosi moja mwishoni mwa Mei, Wamaitha alitamani githeri, mahindi na maharagwe ya kwao. Lakini sufuria ya presha hupiga filimbi. Akaona heri apike nje. Alipanga mafiga matatu karibu na ukuta, penye rundo la kuni, akawasha moto. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu. Lakini baada ya baridi ya miezi sita, nani hulilalamikia jua?

Githeri ilipoiva, aliyafukia makaa kwa udongo, kama mama yake alivyomfundisha kule Nyeri, Kenya. Udongo ule ulikuwa mweusi na mwepesi, umejaa majani makavu ya misonobari.

"Moto umezikwa," alisema, akapangusa mikono.

Kesho yake, Jumapili, alirudi kutoka kanisani na Malaika, binti yao wa miaka tisa. Muriuki alikuwa amelala. Malaika akasimama ghafla uani, Kiswidi kikamtoka.

"Mamma, det ryker!"

"Nini kinatoa moshi? Sema polepole, baba yako amelala."

"Ardhi, Mama. Ardhi inatoa moshi."

Mtoto hakukosea. Moshi haukutoka kwenye mafiga. Ulitoka hatua tatu mbali, chini ya kuni zilizoegemea ukuta. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na kitanda cha Muriuki. Ulimi mdogo wa moto ulilamba gogo la chini.

Wamaitha alichota udongo kwa mikono, akaumwagia moto. Moshi ukazidi. Akachota tena. Lakini hakupiga kelele. Hata saa hiyo, jamani, alikuwa bado ananong'ona!

Elvire, jirani yao kutoka Burundi, alikuwa akipita kwa baiskeli. Elvire alikuwa mfanyakazi wa msituni, na kikosi cha zimamoto humwita akihitajika. Aliitupa baiskeli chini.

"Mama Malaika, nani yuko ndani?"

"Baba Malaika. Ametoka zamu, amechoka..."

"Mwamshe! Sasa hivi! Malaika, kimbia hadi kwenye sanduku la barua barabarani. Simama hapo, usirudi."

Wamaitha alipiga kelele iliyomshangaza yeye mwenyewe. Muriuki akatoka mbio, mguu mmoja na soksi, mwingine mtupu. Elvire alikuwa tayari amepiga 112, namba ya dharura, na kutaja anwani. Kisha akavuta mpira wa maji, akazimwagia kuni maji mpaka magari ya zimamoto yalipofika. Wazimamoto waliuchimba udongo, wakamwaga maji, wakachimba tena. Moto ukazimika. Ukutani likabaki doa jeusi, refu kufika gotini.

Muriuki alilitazama doa lile. Kisha akamtazama mkewe.

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Ulikuwa umechoka," Wamaitha alisema, akaanza kulia.

Muriuki alimkumbatia, matope na yote. "Usingizi nitalala siku nyingine, Mama Malaika. Niamshe. Kila mara, niamshe."

Elvire aliwaacha kidogo, kisha akaketi nao kwenye ngazi.

"Usijilaumu, dada. Hata mimi nilikosea hivyo mwaka wangu wa kwanza hapa. Kwetu udongo unazima moto. Lakini udongo wa msitu huu ni majani na mizizi. Wenyewe unaungua, polepole, chini kwa chini. Hukuuzika moto. Uliufunika blanketi."

"Sasa nizime na nini?"

"Maji. Mwaga, koroga, mwaga tena. Halafu sogeza mkono juu ya jivu. Ukisikia joto, bado. Na kabla ya kuwasha, tazama kwenye simu kama moto umepigwa marufuku. Kama haujapigwa, washa kwenye kokoto, mbali na nyumba, ndoo ya maji iwe karibu."

"Na kuni zangu?" Muriuki aliuliza. Alikuwa amezipanga mwenyewe, kwa fahari.

"Kaka, umezipanga vizuri sana. Lakini umeujengea moto ngazi ya kupandia nyumba."

Muriuki alicheka.

Jumamosi iliyofuata walizihamisha kuni mbali na nyumba. Muriuki alipanda juu, akafagia majani makavu kwenye paa na mifereji yake. Wamaitha alifagia chini ya ngazi na kukata nyasi kavu ukutani. Mpira wa maji ukakaa umeunganishwa kwenye bomba. Malaika aliandika 112 na anwani yao, akaibandika karatasi mlangoni.

Kisha wakafanya mazoezi. Malaika aligonga sufuria kwa mwiko, na wote wakakimbilia kwenye sanduku la barua. Mara ya kwanza Muriuki alifika amekumbatia mto.

"Pappa!" Malaika alimkaripia. "Kwanza watu!"

Julai jua likawa kali, na moto wa nje ukapigwa marufuku. Wamaitha alitazama simu yake, akairudisha githeri jikoni. Muriuki alikuwa amelala. Filimbi ya sufuria ikalia kwa nguvu, na Wamaitha akakimbia kuipunguzia moto.

"Iache ilie," sauti nzito ya usingizi ilitoka chumbani. "Nikiisikia, najua mko salama. Ndiyo inayonilaza."

Wamaitha alicheka kwa sauti, mchana kweupe, ndani ya nyumba ile. Akaichukua sufuria nyingine, akaiosha bila kujali kelele.