Mikono Iliyosema "Mimi"

Jengo la maduka ya vifaa vya umeme lilikuwa na ghorofa nne na ngazi moja tu, na siku za Jumamosi ngazi ile haikuwa na adabu. Wapandao waliwasukuma washukao, redio za kila duka zilishindana kupayuka, na harufu ya waya uliochomwa ilichanganyika na ya manukato ya bei rahisi. Katikati ya msongamano huo, binti mmoja aliyevaa gauni la buluu iliyokolea, nywele zake zimekatwa fupi kama za mwanafunzi, alipigwa bega na spika kubwa iliyokuwa ikishuka kana kwamba ina miguu yake yenyewe.

"Samahani, dada yangu! Sikukuona."

"Ungenionaje, na kabati limekuziba uso?"

Spika ikatuliwa. Nyuma yake alitokea mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililokunjwa mikono na bisibisi iliyochomekwa juu ya sikio. Alimtazama binti, akakunja uso, kisha akatoa macho.

"Wewe! Si wewe yule wa kwenye kidirisha?"

Ni kweli alikuwa yeye. Kamati ya Bunge iliyokuwa ikichunguza mwenendo wa Rais wa zamani ilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni kila siku ya kazi, na katika pembe ya chini ya skrini, ndani ya kidirisha kidogo, binti huyu alitafsiri kila neno kwa lugha ya alama kwa ajili ya viziwi.

"Juzi uliapa mbele ya nchi nzima kwamba hukuwahi kupokea zawadi ya mtu," alisema yule fundi.

"Hayo yalikuwa maneno ya waziri."

"Mikono ilikuwa yako!"

"Ndiyo kanuni ya kazi, kaka. Mkalimani hasemi 'waziri anasema kwamba'. Husema 'mimi'. Akiapa, ninaapa. Akidanganya, ninadanganya."

"Basi hakuna mwongo anayekufikia nchi hii."

Binti alicheka hadi akashika ukuta. Alikuwa amekuja kutafuta televisheni pana, kwa sababu mama yake alikuwa kiziwi, na kwenye televisheni yao ya zamani alimwona mwanawe kama sisimizi anayecheza ngoma. Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza spika katika duka la ghorofa ya tatu, alimsaidia kuchagua, akapatana bei kwa niaba yake, akamfungia mzigo kwa kamba. Alipoombwa aseme ujira wake, alisema angetosheka na namba ya simu.

Tangu siku hiyo simu haikupoa.

"Halo, Kidirisha."

"Halo, Fundi Kelele. Umekula?"

"Nitakulaje na wewe uko mbali?"

"Kwa mdomo, kama watu wengine."

Walikutana kila kazi ilipowaruhusu. Fundi alipenda mikono ya binti, ambayo hata ikiwa imetulia mezani ilionekana kutaka kusema jambo; binti alipenda namna fundi alivyoinamisha kichwa kusikiliza, kama mtu atafutaye kasoro ndani ya wimbo. Jambo moja tu liliwagombanisha, nalo lilikuwa Kamati.

"Kamati haina jela, mpenzi," fundi alisema siku moja. "Mzee yule yuko kwake, amevaa kandambili, anawatazama na kucheka. Mkimaliza mtachapa kitabu kinene, kitawekwa kabatini."

"Kwa hiyo tusiulize?"

"Kuuliza mtu asiyetaka kujibu ni kupoteza mate."

"Asiyeuliza hanalo ajifunzalo."

"Na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wabunge wale unawaona wakiinama? Wamekaa kwenye viti vya kuzunguka!"

Binti alicheka, ingawa jibu lile lilimchoma. Alihisi kwamba mpenzi wake aliichukia Kamati kwa ukali usiolingana na jambo lenyewe. Alijua tu kwamba zamani alikuwa mwajiriwa wa serikali na akaacha kazi. Kila alipomuuliza sababu, mazungumzo yaligeuzwa.

Siku ya nne ya mwezi uliofuata, wakiwa katika mkahawa ulio karibu na Bunge, fundi alimuuliza kwa utani kwa nini hasuki nywele.

Binti alipitisha kiganja juu ya nywele zake fupi.

"Unakumbuka siku watu walipokusanyika uwanja wa kati kudai matokeo ya uchaguzi?"

"Nakumbuka," fundi alisema.

"Baba alikuwa seremala, karakana yake ilikuwa upande wa pili wa uwanja. Naye alikuwa kiziwi, kama mama. Nilikuwa nimemwahidi kumpitia jioni turudi pamoja, maana mimi ndiye niliyekuwa masikio yake. Nikachelewa. Nilikuwa saluni, nasukwa." Alisogeza kikombe chake kando. "Serikali ilisema ilitoa onyo mara tatu kwa vipaza sauti kabla ya askari kufyatua risasi. Wenye masikio walipata nafasi ya kukimbia. Baba hakusikia. Tangu siku hiyo sijakaa tena kwenye kiti cha msusi."

Kikombe cha fundi kiligonga kisahani, chai ikamwagikia shati jeupe. Hakuipangusa. Uso wake ulikuwa umepauka kama wa mgonjwa.

"Mpenzi? Una nini?"

"Nisamehe," alisema, akasimama. "Nisamehe sana." Akatoka, akamwacha binti ameduwaa mbele ya vikombe viwili.

Simu ya kwanza haikupokelewa, wala ya pili, wala za siku zilizofuata. Duka la ghorofa ya tatu lilifungwa kufuli. Binti alijaribu kumtafutia udhuru hadi siku alipomwona kwa macho yake, ng'ambo ya barabara, akifunguliwa mlango wa gari na mwanamke mrembo aliyevaa suti ya zambarau na kubeba mkoba wa ngozi. Mwanamke yule alimshika kiwiko, naye fundi akaingia bila kutazama nyuma.

"Kumbe!" binti alijisemea. Nyumbani alimweleza mama yake kila kitu kwa alama za haraka, za hasira.

"Mwanamume akiogopa msiba wa mkwe kabla hajawa mkwe," mama alijibu kwa alama zake pana, zisizo na haraka, "mwache aende. Ametupunguzia sahani ya kuosha."

Wiki iliyofuata, Kamati ilitangaza shahidi mpya. Binti aliketi mbele ya kamera yake, amevaa blauzi nyeusi isiyo na nakshi kama kanuni ilivyotaka. Mwenzake wa kupokezana alikaa pembeni na chupa ya maji. Mlango ukafunguliwa. Kwanza iliingia suti ya zambarau: alikuwa wakili wa Kamati. Nyuma yake aliingia fundi.

Binti aliinuka nusu kitini. Mwenzake alimtazama, akanyoosha kidole kuuliza: nikupokee? Binti akatikisa kichwa. Shahidi alikuwa ameshaanza kuapa, na mikono ilibidi iape.

"Siku ile ulikuwa na kazi gani?" Mwenyekiti aliuliza.

"Nilikuwa fundi sauti wa serikali. Mimi ndiye niliyefunga vipaza sauti vya uwanjani."

*Mimi*, mikono ya binti ilisema. *Mimi ndiye niliyevifunga.*

"Onyo lilitolewa mara ngapi?"

"Halikutolewa."

Ukumbi ulivuma. Mwenyekiti aligonga meza. "Rudia, shahidi."

"Halikutolewa hata mara moja. Msomaji alikuwa tayari, ameshika kipaza sauti. Simu ikalia, nami nikaipokea. Alikuwa Rais mwenyewe. Alisema, 'Zima.' Nikamwambia, 'Mheshimiwa, watu hawajaonywa.' Akasema, 'Wakionywa watakimbia. Sitaki wakimbie, nataka wakome.' Nikachomoa waya kwa mkono wangu."

Mikono ya binti ilisimama hewani. Waliokuwa wakitazama majumbani walidhani picha imeganda. Kisha, polepole, kwa alama zilizo wazi kama mwandiko wa ubaoni, iliendelea: *Wakionywa watakimbia. Sitaki wakimbie. Nataka wakome. Mimi nikachomoa waya kwa mkono wangu.*

Hakulia. Alitafsiri hadi Mwenyekiti alipoahirisha kikao, kisha akaenda kujifungia msalani. Simu yake ilikuwa ikiwaka. Kwenye skrini alikuwa mama, ameketi ukingoni mwa kiti, macho mekundu.

"Hakukuwa na tangazo?" mikono ya mama iliuliza.

"Hakukuwa."

"Kwa hiyo hata wenye masikio hawakusikia."

"Hawakusikia, mama."

"Miaka yote hii namgombeza marehemu. Kila nikifagia chumba namwambia: kwa nini ulitoka peke yako, mwanamume mkaidi wewe?" Mama alijifuta kwa ukingo wa khanga. "Na wewe, kama ungekuwa naye?"

Binti alitaka kujibu, mikono ikakataa. Mara ya pili ndipo ilipotii. "Nisingesikia kitu."

Mama na mwana walitazamana. Kisha mama akauliza, "Kijana yule ni nani? Amekonda kama mwenye homa."

"Ni yule niliyekwambia."

Kidole cha mama kikaja mbele, kikubwa, kikazima picha.

Binti alipotoka, aliitwa ofisini kwa Msimamizi wa wakalimani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Wakili wa Rais wa zamani alikuwa ametangulia, mikono nyuma. Mlangoni alisimama fundi na yule wakili wa zambarau.

"Mkalimani huyu alinyamaza katikati ya ushahidi," wakili wa Rais wa zamani alisema. "Aliutia chumvi. Namtaka aeleze kama anamfahamu shahidi."

"Rekodi imeshapitiwa na mwenzake," Msimamizi alijibu. "Hakuna neno lililopungua wala kuzidi. Lakini swali ni la haki." Akamgeukia binti, sauti ikalainika. "Shahidi tumeshamuuliza. Amesema hakujui. Nawe ukisema hivyo tutaendelea na kazi, binti yangu. Tena Mheshimiwa mwenyewe ameitwa kuhojiwa wiki ijayo. Najua ulivyoingojea siku hiyo."

Binti alimtazama fundi. Fundi aliitazama sakafu. Ndipo binti alipoelewa: fundi alikuwa amemkana ili asipoteze kiti chake mbele ya kamera. Upumbavu ule ulimgusa na kumkasirisha kwa wakati mmoja. Uongo mdogo kama ule ukifukuliwa kesho, wangesema na habari ya waya ni uongo, na baba angerudi kuwa kiziwi ambaye hakusikia onyo.

"Shahidi amekosea," alisema. "Tunafahamiana. Ni mchumba wangu."

Miwani ya Msimamizi ilianguka hadi mwisho wa uzi wake. Wakili wa zambarau aliziba mdomo kwa kiganja. Aliyeshtuka kuliko wote alikuwa mchumba mwenyewe.

"Mchumba?" alinong'ona.

"Nyamaza, wewe! Umeshasema ya kutosha leo." Akamrudia Msimamizi. "Andika hivyo, mama. Andika kwamba tulijuana kabla, kwamba sikujua kuwa ni shahidi, na kwamba kuanzia sasa najitoa. Rekodi ihakikiwe na yeyote amtakaye huyu bwana."

Wakili wa Rais wa zamani aligeuka, akaondoka.

Nje, ngazi za mbele zilikuwa zimejaa waandishi wa habari. Binti na fundi walibaki ndani, kwenye benchi la ukutani, nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Nilikatazwa kuongea na mtu yeyote hadi nitoe ushahidi," fundi alisema. "Yule wakili ndiye aliyenificha."

"Hukukatazwa siku ile mkahawani."

"Siku ile niliogopa." Alikunja tena mikono ya shati. "Umepoteza kiti kwa ajili yangu. Na hawatamfanya kitu, Kidirisha. Bado nasema. Kamati haina jela."

"Huenda. Wala kiti sikukipoteza kwa ajili yako, usijipe ukubwa." Alikunja mikono mapajani, ikakataa kukaa. "Ulinifanya niseme mbele ya mama kwamba mimi ndiye niliyechomoa waya. Unajua inavyouma?"

"Najua."

"Hujui. Lakini pia nilikuwa wa kwanza kumwambia kwamba baba hakuwa na kosa. Na mimi pia sikuwa nalo."

Fundi alithubutu kusogea kidogo. "Uliposema mchumba, ulimaanisha?"

"Wewe ulishaniposa?"

"Bado."

"Basi bado. Kesho asubuhi utakuja nyumbani. Utavaa shati safi. Utakaa mbele ya mama, umtazame usoni, na utasema yote tena, tangu simu ilipolia. Mimi nitatafsiri."

"Alisemaje aliponiona leo?"

"Alizima simu."

Fundi alishika kichwa. "Na akinifukuza?"

Binti alisimama, akanyoosha blauzi yake nyeusi, akampa mkono ainuke.

"Nitakutafsiria na hilo," alisema.